Ukurasa wa Kuni za Shangazi

Nilikuwa mpiga chapa. Nilikaa katika chumba kimoja huko Kamunyonge, Musoma, mbele ya taipureta nzito iliyokuwa inakwama kwenye herufi ya m, nikiwapigia watu barua za kuomba kazi, maombi ya viwanja na ratiba za harusi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa kila kona, na watu waliozoea kupanga foleni ya sukari walikuwa bado wanaingia dukani kwa wasiwasi, kama vile muuzaji atawaambia imekwisha. Magazeti nayo yalikuwa yameruhusiwa. Mtu mwenye karatasi na jambo la kusema aliweza kujaribu.

Mwenye chumba kile alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na mji mzima ulimwita Mwalimu tu. Asubuhi moja alifika akisukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli amefunga kwa kamba za mpira mashine ya kudurufu. Kanisa moja lilikuwa limenunua mpya, likamwachia ile kuukuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Binti, tunaanzisha gazeti."

Hakuketi. Alizunguka kile chumba akieleza, wino wa mashine umemchafua shati na yeye hana habari. Alikuwa amesikia redioni kwamba wakubwa wa dunia wamekutana ng'ambo kuzungumzia joto. Moshi wa viwanda na kukatwa kwa misitu vinaipasha dunia joto, walisema, na mvua zinavurugika. Sisi wa mkoa wa Mara hatukuhitaji kuambiwa na redio kwamba mvua zimevurugika. Vuli ilikuwa imechelewa, na ilipokuja ikanyesha siku chache, ikakata.

"Wakubwa wamesema yao," alisema Mwalimu. "Sasa mkulima wa Suguti afanye nini? Mtu mmoja, na jembe lake? Huo ndio ukurasa wako. Washawishi watu."

"Mimi, Mwalimu?"

"Wewe. Kila barua ya maombi unayoiandika hapa, mwenyewe anarudi kusema amepata. Unajua kuomba. Sasa omba jambo kubwa."

Siku ile sikuweza kula mchana. Nilirudi kwangu nikitembea haraka mpaka jirani akaniuliza kama kuna msiba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na ndoto ya kuandika, na tangu hapo nilichokuwa nimeandika ni "rejea barua yako" na "wako mtiifu". Sasa nilikuwa na ukurasa mzima.

Niliandika makala ya kwanza kwa moto. Niliipa jina "Jangwa Limepiga Hodi". Nilimwambia msomaji kwamba kwa kila mti anaoukata anamchimbia mwanawe kaburi. Nilimwonyesha ziwa limekauka, mitumbwi imelala kwenye matope, ng'ombe wamebaki mifupa. Niliposoma tena niliogopa mwenyewe, na nikaona hiyo ni dalili nzuri. Mwalimu aliisoma amesimama, akapiga meza kwa kiganja.

"Hii itawatoa watu vitandani!"

Tuliichapa, mikono yetu ikawa myeusi hadi viwiko, na siku ya mnada, soko la kila wiki, nikapanda basi kwenda Bunda na furushi la magazeti mapajani.

Sijawahi kusahau ile asubuhi. Kijana mmoja alichukua gazeti akaanza kusoma kwa sauti kwa ajili ya mama yake, na watu wakasogea. Alisoma vizuri, anajua pa kupumua. Alipofika kwenye ng'ombe na mifupa, wanawake walishika vichwa. Mzee mmoja alisema, "Kweli tupu hii." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, natamani kumwambia kila mtu kwamba maneno yale ni yangu. Magazeti yaliisha kabla jua halijawa kali.

Nikaanza kuzunguka mnadani ili nione kama watu wanaongea. Upande wa mkaa nilikuta msongamano. Muuza mkaa, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuchekesha, alikuwa amebandika makala yangu kwenye gunia la mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu angeiona. Nilifurahi mpaka nikataka kumshika mkono. Muuza mkaa! Nimemgeuza hata muuza mkaa!

"Kaka," nikamwambia, "hayo niliandika mimi."

Alinitazama juu mpaka chini, kisha uso wake ukachanua.

"Ni wewe? Dada, Mungu akubariki. Andika na lingine!"

"Limekugusa?"

"Limenigusa sana. Tangu asubuhi watu wanachukua mkaa wa akiba. Wanasema gazeti limesema miti inakwisha, tununue mapema kabla mkaa haujapanda bei. Aliyekujaga kuchukua debe leo anachukua gunia!"

Nilirudi Musoma na habari hiyo na nikamweleza Mwalimu yote kama ilivyokuwa. Alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi.

"Basi unajua kushawishi," alisema. "Ila umewasukuma upande mwingine."

Mimi nami nilicheka, lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Maneno yaliyopigwa kwenye stensili, karatasi ya nta ya mashine yetu, yalikuwa yamewafanya watu wafungue pochi, wabebe magunia, wabadili mpango wa siku. Yana nguvu. Nilichotaka kujua ni jinsi ya kuyaelekeza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane aliyeishi kijiji cha kando ya ziwa, mbele ya Suguti. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya kwanza katika kwaya, na hata akiongea nawe jikoni aliongea kana kwamba yeye yuko mbele kanisani na wewe umekaa benchi la mwisho. Kazi yake ilikuwa kubanika samaki. Alinunua samaki wabichi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha, akawapanga juu ya chanja la miti, akawasha moto chini, akawakausha kwa moshi na kuwapeleka minadani. Zamani alibanika ngege, samaki asiyehitaji moto mwingi. Lakini ziwa lilikuwa limejaa sangara, na sangara ana mafuta. Anataka moto wa muda mrefu. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, hivyo shangazi na wenzake walikuwa wanapanda mlimani kutafuta kuni, wanarudi na mizigo inayowapinda shingo.

Nilimsomea makala yangu akiwa anageuza samaki. Alisikiliza yote, hata akapunguza mwendo wa mikono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Shangazi."

"Umenitisha."

"Ndiyo, nilitaka..."

"Umenitisha, halafu umeniacha hapa hapa na moto wangu. Samaki hawa wataoza kesho. Nifanye nini?"

"Upande miti."

"Nitapanda. Lakini mti nikiupanda leo, leo nitabanika na nini?" Akapuliza moto, akanigeukia tena. "Na wewe, mama, huko mjini unapikiaga nini?"

"Mkaa."

"Wa wapi?"

"Nadhani unatoka Bunda."

Jirani zake wawili waliokuwa wanaparua magamba walicheka hadi mmoja akaangusha kisu. Shangazi naye alicheka, akanipiga begani kwa upendo na mkono wenye mafuta ya sangara. Lakini mimi nilikuwa nimeshachangamka kwa namna nyingine. Alikuwa ameniuliza swali ambalo ukurasa wangu wote haukuwa umelijibu: nifanye nini leo, kwa mikono hii, na samaki hawa? Nikaona kwamba yule mnunuzi wa mkaa kule Bunda naye alikuwa amejiuliza hilo hilo, na kwa kuwa sikumjibu, akajijibu kwa kununua gunia.

"Shangazi, nipe wiki mbili," nikasema. "Nitarudi na kitu, si karatasi."

Mwalimu alipopata habari alikumbuka kwamba zamani, alipokuwa anafundisha upande mwingine wa ziwa, aliona watu wakibanika samaki ndani ya jiko lenye kuta. Matofali ya udongo yalijengwa kufika mapajani, mdomo wa moto mbele, na juu yake trei za waya zikapangwa moja juu ya nyingine, ili moto uliokuwa unapasha trei moja upashe zote. Alinichorea nyuma ya stensili iliyoharibika. Nyavu za waya tulipata kwa fundi wa mabanda ya kuku.

Shangazi aliutazama mchoro akiushika mbali na uso.

"Tujaribu," alisema. "Likishindikana tutafugia kuku."

Tulikanyaga udongo, yeye na mimi na wale jirani wawili, sketi tumezikunja, na shangazi akaanzisha wimbo ili miguu iende pamoja. Matofali tuliyakausha juani. Kuta zilipopanda, kijiji kizima kilikuwa kinapita kutuuliza kama tunajenga choo.

Siku ya kuwasha, nilikuwa na wasiwasi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Tulipanga sangara, tukafunika, tukawasha. Moto ukawaka kidogo, ukasinzia. Moshi ukaanza kutoka mdomoni mwa jiko badala ya kupanda. Tulipofunua, samaki walikuwa wamelegea na maji yanawatoka, wamechemka.

"Hili ni sufuria," alisema shangazi, "si jiko."

Nilikuwa karibu kulia. Yeye alizunguka nyuma, akalitazama jiko kwa muda, akachukua jembe na kutoboa ukuta wa nyuma, juu kidogo. Udongo ukaanguka. Hewa ikapita. Tukasikia moto ndani ukivuma, hivi, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua akapata kupumua. Mmoja wa jirani alipiga kigelegele hata kabla hatujajua kama samaki wataiva.

Wakaiva. Mafuta yalidondoka, yakalia kwenye makaa, na harufu ikatoka ile tunayoijua sisi wa ziwani, inayofanya watoto waache mpira. Tulibadilisha trei, ya chini ikaenda juu, ya juu ikaja chini. Jua lilipoanza kushuka shangazi alifunua trei ya mwisho, na samaki walikuwa na rangi ya shaba, wamekauka mpaka mkiani. Kisha akageuka kuchukua kuni za kumalizia kama alivyozoea, akasimama.

Rundo la kuni lilikuwa bado lipo. Sehemu kubwa ya rundo ilikuwa haijaguswa.

"Umebanika nusu?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anapita.

"Wote," alisema shangazi.

"Na hizi kuni?"

"Zimebaki."

Yule mwanamke hakuamini. Aliinama akachungulia ndani ya jiko, akafunua trei zetu moja moja, akanusa samaki, akarudi kwenye rundo. Shangazi alimwacha achunguze anavyotaka. Kisha, kwa ile sauti ya kwaya, akasema kwa kijiji kizima: "Kesho siendi mlimani! Mimi kesho nalala!"

Niliandika makala ya pili njiani, magotini, ndani ya basi, nikiogopa isije ikanitoka. Haikuwa na jangwa. Niliandika habari ya mwanamke mmoja, mgongo wake, mlima wake, sufuria yake ya kwanza ya udongo na tundu la jembe. Nikaandika vipimo kwa viganja na mikono, kwa sababu hakuna aliyekuwa na rula. Nikamalizia: "Njoo uone kwa macho yako kabla hujajenga." Jina lake lilikuwa "Kuni Zimebaki".

Mwalimu aliisoma ameketi safari hii. Alikunja uso.

"Nzuri. Lakini dunia iko wapi? Joto liko wapi? Tulianza na wakubwa wa dunia, tumeishia jikoni kwa shangazi yako."

"Ndipo moshi unapotokea, Mwalimu."

"Basi niongeze hapa mwisho." Akachukua kalamu. "Kila nyumba ikijenga jiko na kupanda miti, mvua itarudi mwaka ujao."

"Hapana."

Sikuwa nimewahi kumwambia hapana. Alinyanyua macho polepole.

"Bila ahadi hawatafanya, binti. Nimefundisha miaka mingi. Mtu anataka kuona faida mbele yake."

"Faida ipo, Mwalimu. Kuni zimebaki. Mvua ya mwaka ujao huijui wewe wala mimi. Isiponyesha watabomoa jiko na kutuita waongo, na watakuwa na haki. Moshi wa dunia hatuuondoi kwa jiko moja, tunaacha tu kuuongeza sisi. Tuwaambie hivyo hivyo."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Mwisho alinisogezea karatasi, na chini ya maneno yangu alikuwa ameongeza: "Ya mvua hatuyajui. Ya kuni tumeyaona." Nikaruka kutoka kwenye kiti. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote za gazeti lile na ilikuwa yake.

Makala ile haikuchangamkiwa mnadani kama ile ya jangwa. Hakuna aliyeshika kichwa. Lakini watu walianza kuuliza maswali, na hilo lilikuwa jipya. Halafu kanisa moja la Butiama likatuita tuisome baada ya ibada. Nilimwomba shangazi twende wote. Alivaa kitenge chake cha Krismasi.

Nilisoma mbele ya watu wengi kuliko niliowahi kusimama mbele yao. Nilipomaliza, mwanamume mmoja kijana alisimama katikati. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na aliongea bila hasira, jambo lililonitisha zaidi.

"Dada, nimesikiliza. Redio inasema moshi mwingi ni wa viwanda vya Ulaya. Wao wana magari, wana ndege. Sasa umewaacha hao, umekuja kwa mama yangu mwenye mafiga matatu. Hii ni haki?"

Watu walinong'ona. Alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa nimejiuliza hilo usiku mwingi bila kupata jibu la kuridhisha. Nikasema lile nililokuwa nalo.

"Si haki, kaka. Wao ndio waliochafua zaidi, na lazima waambiwe. Lakini mimi naandika Kiswahili, na gazeti langu halifiki Ulaya. Linafika Bunda."

Walicheka, na yeye akatabasamu, ila hakuketi. Ndipo shangazi aliposimama. Hakuomba ruhusa.

"Mwanangu, umesema vizuri," alimwambia. "Mimi nilipojenga sikuwaza Ulaya. Nilikuwaga napanda mlima na mgongo huu. Ulaya hawajawahi kunisaidia kubeba. Sasa sipandi, na ile miti midogo mlimani imeanza kutoka tena, nimeiona. Nimeokoa mgongo, nimeokoa na miti, kwa kazi moja. Mama yako yuko wapi?"

Kijana akaonyesha upande wa wanawake.

"Basi tumuulize mwenyewe," alisema shangazi.

Mama wa watu, mwembamba, aliinuka kwa aibu na kusema maneno machache ambayo bado nayasikia: "Mimi sibanikagi samaki. Napika ugali. Lipo jiko la ugali?"

Kanisa zima liliangua kicheko, na hapo ndipo ibada ya pili ilipoanza. Wanawake walikuja mbele. Walishika vipimo vya mikono ya shangazi, wakachora chini kwa vidole. Mmoja alisema udongo wa kwao unapasuka, mwingine akamwambia achanganye na majivu na nyasi. Yule kijana aliyeuliza ndiye aliyekwenda kuchota maji, na kabla hatujaondoka jiko dogo la sufuria moja lilikuwa limeumbwa nyuma ya nyumba ya mama yake, bichi, limepinda kidogo. Niliporudi Musoma nilikuwa na udongo kwenye kucha na sikutaka kunawa.

Si wote waliojenga. Huko Butiama majiko mengine yalianguka mvua ilipokuja, mengine yakawa viota vya kuku. Muuza mkaa wa Bunda aliendelea kuuza mkaa na kuniita "dada wa jangwa" kila anionapo. Mimi nilijenga la kwangu uani Kamunyonge, nikapunguza mkaa, sikuuacha kabisa. Kijijini kwa shangazi majiko ya kuta yaliongezeka hadi ikawa mtu asiye nalo ndiye anayeulizwa. Wanawake walipanda miti ya mijohoro kando ya mashamba, na msimu wa kwanza mbuzi waliila karibu yote, wakapanda tena.

Gazeti lilidumu muda, kisha bei ya karatasi ikapanda, mashine ikavunjika kifaa kisichopatikana, na Mwalimu akasema tupumzike. Nilirudi kwenye barua za kuomba kazi.

Miezi mingi baadaye nilikwenda kijiji cha Buswahili kwa harusi ya ndugu. Nikiwa napita kwenye mashine ya kusaga, niliona karatasi ya daftari imebandikwa mlangoni kwa ugali. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko mkubwa: "Mama mwenzangu. Mimi nimepanda miti nyuma ya nyumba. Mingine imekufa. Iliyopona sasa inanipa kuni za kutosha chai. Wewe ukitaka miche njoo, ninayo mingi. Usije mikono mitupu, njoo na samadi."

Niliisoma pale mlangoni nikiwa nimevaa nguo za harusi, unga wa mashine unanidondokea mabegani, kisha nikairudia tangu mwanzo. Niliuliza ni nani, wakanielekeza. Nilimkuta mwanamke wa makamo anamwagilia miche iliyopandwa kwenye makopo ya maziwa.

"Nimesoma tangazo lako," nikamwambia. "Uliwahi kuona gazeti letu? Lile la kuni?"

"Gazeti gani?" Akajifuta mikono. "Mimi niliandika tu kwa sababu kila siku mtu ananiuliza, nikachoka kurudia. Umekuja na samadi?"

"Sikujua. Nimekuja harusini."

Alivitazama viatu vyangu vya visigino, akacheka, akaingia ndani akatoka na maganda makavu ya mgomba. Akanifungia miche mitatu ndani yake, mizizi ikiwa na udongo wake, akanionyesha jinsi ya kuishika wima.

"Chukua. Samadi utaleta siku nyingine," alisema. "Lakini usichelewe kuipanda. Leo hii hii ukifika."

Nilirudi harusini nimeikumbatia, na mpaka bibi harusi anaingia nilikuwa sijapata pa kuiweka.